Maswali ya Wasomaji: Guangzhou, Mtaa kwa Mtaa

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wanaojiandaa kwenda China kufunga mzigo kwa mara ya kwanza. Tumechagua tano zinazogusa mitaa ya kuuza kwa jumla ya Guangzhou.

Nina siku sita tu. Nataka vitambaa, mikoba na vitu vya kuchezea watoto. Nianzie wapi ili siku zisiishie barabarani?
*Msomaji, Tanga*

Ondoa kichwani wazo la soko kuu. Guangzhou kila bidhaa ina mtaa wake, na mtaa mmoja unaweza kuwa na majengo kadhaa yenye ghorofa tele, yote yakiuza kitu kilekile. Vitambaa viko Zhongda, kusini mwa mto Pearl. Panda treni ya chini ya ardhi, njia namba 8, ushuke Sun Yat-sen University au Lujiang. Mikoba iko Sanyuanli, njia namba 2. Vitu vya kuchezea, vifaa vya shule na mapambo ya sherehe viko Yide Road. Shuka Haizhu Square, njia namba 2 au 6, kisha ulifuate kanisa kuu la mawe lililokamilika mwaka 1888, kwani liko mtaani humo humo.

Kwa hiyo tafuta chumba karibu na njia namba 2. Itakupeleka Sanyuanli na Haizhu Square moja kwa moja, na kwa Zhongda utabadilisha treni Changgang. Zhongda ipe siku mbili kamili, Sanyuanli moja, Yide Road moja. Mbili zilizobaki ni za kurudi kukagua na kulipa. Siku ya kwanza katika kila mtaa usinunue chochote: chukua kadi ya duka, andika nyuma yake bei, kiasi cha chini wanachouza na namba ya kibanda, halafu piga picha kadi hiyo pamoja na sampuli. Majina ya majengo hufanana sana, na bila kadi yenye maandishi ya Kichina hata dereva wa teksi hatakusaidia kulirudia duka.

Zhongda nimeambiwa kitambaa cha fulana huuzwa kwa kilo. Nitajuaje napata mita ngapi?
*Fundi cherehani, Morogoro*

Swali hili ndilo linalotenganisha faida na hasara. Vitambaa vinavyovutika, vya fulana na nguo za michezo, huuzwa kwa kilo. Vya mashati, suruali na mapazia huuzwa kwa mita au yadi. Kwa vile vya kilo, uliza mambo mawili: uzito wa mita moja ya mraba, na upana unaokatika, yaani bila pindo lenye gundi na matundu ya sindano.

Zidisha. Kitambaa cha gramu 180 chenye upana wa mita 1.8 kina gramu 324 kwa kila mita ya urefu. Kilo moja basi ni mita 3.09, na jora la kilo 25 ni kama mita 77. Sasa tazama mchezo ulipo: wakikuletea cha gramu 200 badala ya 180, kilo 25 zilezile zinakuwa mita 69. Mita nane zimepotea kwenye kila jora, na mizani haikudanganya hata kidogo. Wengi hufurahia kitambaa kizito bila kujua kwamba wanalipia uzito huo kwa idadi ya nguo.

Beba mizani ndogo ya vito inayosoma hadi gramu 0.01. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, pima, zidisha kwa 100. Ikisoma 1.80, ndiyo gramu 180. Kata kutoka kwenye jora lenyewe. Kitabu cha sampuli hakitoshi.

Kisha uliza *kongcha*. Ndilo neno lao kwa uzito wa bomba la karatasi na nailoni unaohesabiwa kama kitambaa. Uzito huo ukiwa kilo moja kwa jora, umelipia mita tatu za karatasi. Bei nafuu yenye kongcha kubwa inaweza kuwa ghali kuliko ya jirani.

Yamebaki mawili. Dai majora yote ya rangi moja yatoke mkupuo mmoja wa kutia rangi, na yaandikwe hivyo kwenye risiti. Mikupuo miwili ya bluu ileile hutofautiana, na tofauti huonekana mkono wa nguo unapokutana na kifua. Na kabla ya kulipa mzigo mkubwa, chora mraba wa sentimita 50 kwenye kipande, kifue hotelini, kikaushe, kipime tena. Ukikuta 47, kimerudi asilimia 6, na fulana yako itapanda juu ya kiuno baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Mikoba niliyoleta ilianza kubanduka ikiwa bado stoo. Tatizo ni nini?
*Muuza mikoba, Mombasa*

Dada, inaelekea ilikuwa ngozi bandia yenye tabaka la PU, aina ya plastiki laini, juu ya kitambaa. PU ya bei ya chini huvunjwavunjwa na unyevu na joto, na hewa ya pwani ina vyote viwili. Hubanduka hata kama mkoba haujawahi kubebwa, kwa hiyo usiagize ya kukaa stoo miaka miwili. Ukiwa Sanyuanli, omba kipande cha malighafi, kikunje mara nyingi mahali pamoja na ukikwaruze kwa kucha kwenye mkunjo. PVC, plastiki ya aina nyingine, haiharibiwi na unyevu hivyo, ila hukakamaa na kupasuka kadiri inavyozeeka. Zipu ivute mara ishirini, na vuta mpini pale ulipotiwa ribiti. Mikoba yenye nembo za kuigwa iache kabisa, ikikamatwa forodhani umepoteza mzigo wote.

Vitu vya kuchezea vya Yide Road ni rahisi, lakini usafiri unameza faida. Kwa nini?
*Msomaji, Mwanza*

Kwa sababu unasafirisha hewa. Chukua kartoni ya sentimita 60 kwa 45 kwa 50 yenye uzito wa kilo 9. Kwa ndege, zidisha vipimo hivyo ugawe kwa 6,000: unapata 22.5, na hizo ndizo kilo utakazolipia. Kwa meli kartoni hiyo ni mita za ujazo 0.135, na kontena la futi 20, ambalo kwa kawaida hubeba mita za ujazo kama 27, litachukua kartoni 200 hivi. Vibanda vingi huonyesha sampuli tu, na lebo yake hutaja idadi kwa kartoni na vipimo vya kartoni. Soma vipimo hivyo kabla ya bei. Gawa gharama ya kartoni kwa idadi ya vipande, ujumlishe na bei ya kipande, ndipo ulinganishe.

Shahe ni saa ngapi, na mwezi gani tusiende?
*Kikundi cha akina mama, Dodoma*

Shahe, mtaa wa nguo za bei ya chini, huchangamka kabla ya alfajiri na mchana vibanda vinaanza kufungwa. Mkifika saa nane mtakuta watu wanafagia. Hawaruhusu kujaribisha nguo, nendeni na futi ya kupimia. Epukeni wiki za kabla na baada ya mwaka mpya wa Kichina, kati ya Januari na Februari, maana viwanda hufunga mapema kuliko maduka na hurudi vikiwa vimechelewa, hivyo oda hukwama. Maonyesho makubwa ya biashara ya Canton, yanayofanyika hapo Guangzhou, huanza katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba. Mitaa huwa wazi, lakini vyumba hupanda bei, wekeni nafasi mapema.