Binti mnene anajitapisha: je, huo si ugonjwa wa Wazungu?

Swali: Habari za kazi, Daktari. Mimi ni matroni wa shule ya bweni ya wasichana. Nina binti wa kidato cha tano ambaye kila baada ya chakula cha usiku hukimbilia chooni na kufungulia bomba muda mrefu. Mashavu yamemvimba karibu na masikio, na mkono wake wa kulia una sugu kwenye vifundo vya vidole viwili. Zahanati wamempa dawa ya vidonda vya tumbo. Nilipouliza kama huenda anajitapisha makusudi, nikaambiwa hayo ni magonjwa ya Wazungu, tena huyu ni mnene. Ni kweli? Nifanye nini?

Jibu: Matroni, si kweli, na nakushukuru kwa kuutazama ule mkono. Sugu za namna hiyo huletwa na meno ya juu, yanayokwaruza vidole kila mara mtu anapovisukuma kooni. Madaktari huiita alama ya Russell, kwa jina la daktari Gerald Russell wa London aliyeueleza mwaka 1979 ugonjwa wa bulimia, yaani kula kupita kiasi kisha kujitapisha. Uvimbe wa mashavu ni tezi za mate, nazo huvimba kwa kutapika mara kwa mara. Dalili moja peke yake isingetosha. Hizo mbili, pamoja na lile bomba, zinatosha kumpeleka hospitali wiki hii hii.

Unene haumwondoi kwenye hatari. Wenye bulimia wengi wana uzito wa kawaida au zaidi. Hula chakula kingi kwa muda mfupi huku wakihisi hawawezi kujizuia, kisha hujitapisha, hunywa dawa za kuharisha au hushinda na njaa. Mwili haupungui wanavyotarajia. Kinachopungua ni madini ya potasiamu kwenye damu, na moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Kwa hiyo binti anaweza kusifiwa mtaani kwamba "ana afya", kumbe mapigo ya moyo wake yamekwisha kuvurugika.

Sasa hilo la Wazungu. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliwapa wataalamu wa afya ya akili shajara ya kubuni ya msichana mwenye dalili za ugonjwa wa ulaji. Walioambiwa ni mweupe, asilimia 44 waliona kuna tatizo. Walioambiwa ni mweusi, asilimia 17 tu. Shajara ilikuwa ile ile! Ugonjwa hauchagui rangi. Macho yetu sisi waganga ndiyo yanayochagua, na binti mweusi anafika kwenye tiba amechelewa.

Wapo wanaosema utamaduni unaopenda mwili mnene unatukinga. Visiwani Fiji, katika Bahari ya Pasifiki, nako mwili mkubwa ulisifiwa. Televisheni ilipofika huko mwaka 1995, mtafiti Anne Becker wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliwahoji wasichana wa shule, na hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 waliosema hivyo walikuwa asilimia 11.

Na kwetu shinikizo halina sura moja. Binti anatakiwa awe figa namba nane: kiuno chembamba, makalio yajae. Akiota tumbo anaitwa bonge. Akikonda ni kimbaumbau, au watu wananong'ona kwamba "ameukwaa", maana kukonda kulifungamanishwa na UKIMWI tangu miaka ya 1980, ugonjwa ulipoitwa "slim" kule Uganda. Juu ya hayo kuna mkorogo, yaani vipodozi vya kujichubua ngozi. Mimi nikimuuliza msichana habari za chakula, namuuliza na ngozi yake, kwani aibu ya mwili na aibu ya rangi mara nyingi hulala kitanda kimoja.

Zungumza naye faragha. Usimvizie mlangoni mwa choo, usimpime uzito mbele ya wenzake. Mwambie ulichokiona: "Mwanangu, nimeona mkono wako na naogopa kwa ajili ya moyo wako. Twende tukapime." Hospitali waombe wapime potasiamu na chumvichumvi nyingine za damu, sukari, na umeme wa moyo. Kipimo cha mimba pia kifanyike, kwa siri na kwa ridhaa yake. Akizimia, akitapika damu, moyo ukimwenda mbio au kuruka mapigo, misuli ikilegea, au akisema hataki kuishi, usisubiri kupambazuke.

Akitapika, asukutue kwa maji tu kwanza. Mswaki papo hapo hula meno yaliyolainishwa na asidi. Tiba yenyewe ni mazungumzo na mtaalamu wa afya ya akili, milo ya saa maalumu bila kuruka hata mmoja, na familia kushirikishwa. Wengine huongezewa dawa iitwayo fluoksetini, lakini hilo aamue daktari.

Ukiambiwa tena kwamba ni ugonjwa wa Wazungu, mwombe daktari kwa upole aushike ule mkono, avitazame vifundo, na damu ichukuliwe siku hiyo hiyo.