Hekta «takriban» katika hati ya ardhi

SWALI: Nilinunua ploti ya futi 50 kwa 100 huku Mambrui. Hati inasema ukubwa wake ni takriban hekta 0.05. Kijana mmoja ameipima kwa simu akapata 0.046, na anadai kuwa jirani amenimega mita 40 za mraba, hivyo bikoni (alama ya mpaka) isogezwe. Je, ni haki yangu?

JIBU: Ndugu yangu, bikoni usiiguse. Futi 50 kwa 100 ni kama mita za mraba 464.5, yaani hekta 0.0465, na ukiikadiria hadi tarakimu mbili tu baada ya nukta utaandika 0.05. Hata tukimwamini kijana huyo, basi, umepata ulichonunua.

Kinachonichosha ni jinsi neno «takriban» linavyosomwa kana kwamba maana yake ni «si chini ya». Takriban ni karibu na hapo, iwe kwa kuzidi au kwa kupungua: hekta 0.05 iliyofupishwa hivyo yaweza kuwa mita za mraba 450, na yaweza kukaribia 550, wala hakuna aliyeibiwa. Tena neno hilo halikutokana na uzembe wa karani. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 kinaeleza kwamba ramani huonyesha mipaka na mahali kiwanja kilipo kwa makadirio tu, isipokuwa pale daftari la ardhi linapoonyesha kuwa mipaka hiyo imekwisha kupimwa na kuthibitishwa rasmi. Ukubwa hutokana na mpaka. Hauwezi kugeuka ukawa shahidi dhidi yake.

Ama hiyo simu, hata mahali peupe huweza kukosea kwa mita 5 hivi, nayo ploti yako ina upana wa mita 15 na kidogo. Chini ya minazi au kando ya ukuta mrefu hali huwa mbaya zaidi. Hata hivyo kioo chake huonyesha desimali sita bila haya, na watu huzisadiki kuliko hati, kwa kuwa simu haina adabu ya kuandika «takriban».

Hapa Malindi wapimaji wa simu wamekuwa wengi. Huchora «ramani», hupiga muhuri, hupokea ujira wao na kuondoka, wakiacha majirani hawasalimiani. Kazi hii ina leseni, nayo hutolewa na Bodi ya Wapimaji Ardhi. Asiyeweza kukuonyesha yake asikanyage uwanjani kwako. Mwenye shaka ya kweli aende kwa Msajili wa Ardhi, ambaye huwaita majirani wote kabla ya kuamua, kwani mahakama haisikilizi mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa ikiwa mpaka huo haujaamuliwa kwanza na Msajili. Anayeng'oa au kusogeza bikoni bila idhini atakutana na kifungu cha 21 cha sheria hiyo hiyo, kinacholifanya tendo hilo kuwa kosa la jinai, na huko hataulizwa simu yake ilisoma hekta ngapi.