Tupa majani, bakiza matawi: kuandaa mimea halisi kwa mandhari ya treni ndogo

Wengi wakianza kutengeneza mandhari ya treni ndogo za mfano wanatoka nje kutafuta majani, wanaona kamea kana vijani vya kijani vizuri wanakakata wanakachomeka pembeni ya reli, baada ya siku chache kamejikunja na rangi imepotea yote. Mi nakwambia sahau majani. Kwenye skeli ya HO, yaani 1:87, kila kitu kidogo mara 87 kuliko cha kweli, jani la sentimita moja tu ni kama jani la sentimita 87 kwenye mti wa kweli, nani ataamini hiyo? Labda kama unatengeneza shamba la migomba.

Unachotafuta ni matawi yanavyogawanyika. Tawi moja linazaa mawili, hayo nayo yanazaa mengine, mpaka mwisho vijiti vinakuwa vyembamba kabisa. Vikonyo vya maua yaliyokaukia shambani, hasa yale yanayokaa kama mwavuli, ni vizuri sana, na mizizi ya magugu ndo naipenda kuliko vyote, unang'oa, unaosha udongo wote utoke, unageuza juu chini na mizizi inakuwa matawi. Nenda na rula pia. Mti wa mita 15 kwenye HO unatoka kama sentimita 17, kwenye skeli ya N (1:160) sentimita 9 na kidogo, na watu wengi wanaweka miti mifupi kupita kiasi, mpaka behewa linaizidi urefu.

Haya, ukishafika nyumbani usiweke kitu mezani kwanza, maana humo ndani kuna wadudu na mayai yao. Vijiti, udongo na majani makavu naviweka kwenye oveni nyuzi 90 mpaka 100 hivi kama saa moja, sinia limetandikwa foili, dirisha wazi, na siondoki jikoni mpaka nizime. Mimea ambayo utomvu wake unawasha usiilete kabisa. Kama huna oveni funga kila kitu kwenye mfuko weka friza siku kadhaa, ila ujue friza haikaushi kitu, ukitoa bado lazima uanike, la sivyo ukungu utakula kazi yako taratibu wala hutajua umeanzia wapi. Vikonyo vibichi ning'iniza kichwa chini mahali pakavu penye hewa wiki mbili tatu.

Glisirini inasifiwa sana na ni kweli inasaidia, mmea unabaki laini haukatiki ukiugusa. Kipimo ni glisirini moja kwa maji ya moto mawili, unasimamisha vikonyo humo vinywe vyenyewe. Lakini lazima viwe vimekatwa sasa hivi, kilichokauka hakinywi tena. Kuvumwani, ile inayoota juu ya magome na mawe, we lowesha yote, kisha kamua na uanike. Ubaya wake ni kwamba glisirini inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo kama chumba chako kina unyevu mwingi mimea inatoa jasho na kushika vumbi, mi siiweki karibu na reli.

Kuhusu rangi sina mjadala, paka. Ukijani wa asili unapauka kwenye mwanga hata ukifanyaje. Akriliki iliyozimuliwa, kijani kilichochanganywa na kahawia kidogo, juu ya mti mwanga zaidi na chini giza, inatosha. Halafu majani yale tuliyoyatupa yanarudi kwa njia nyingine: yakikauka mpaka yanavunjika mkononi, toa ile mishipa ya katikati, saga kwenye blenda, chekecha mara mbili. Chenga kubwa ni za chini ya miti msituni, unga mwembamba unakuwa vumbi la njiani. Gundi ni ile nyeupe ya mbao, nusu kwa nusu na maji, na tone la sabuni ya vyombo ili isisimame juu ya vumbi kama matone bali izame.

Mchanga na udongo pitisha sumaku, tena si mara moja, ndani ya mfuko wa plastiki ili uweze kuisafisha. Vipande vya chuma vilivyomo ni vidogo huvioni, lakini mota ya treni ina sumaku na itavivuta vyote mpaka ndani. Mchanga wa baharini ni tatizo jingine, una chumvi, suuza kwa maji baridi mara nyingi ndo ukaushe. Wakati wa kumwaga vumbi na gundi funika reli kwa utepe wa karatasi, na kabla ya kuwasha treni pitisha vakyumu na ile sumaku tena juu ya njia nzima.