Anza na Cheti cha Kuzaliwa

Cheti changu cha kuzaliwa kimeandika jina la baba Rajabu. Cheti cha kidato cha nne kikaandika Rajab. Ni herufi moja tu, na hakuna aliyeiona mpaka siku nilipokaa mbele ya kompyuta kwenye steshenari moja pale Kilosa mjini kujaza maombi ya mkopo wa chuo kikuu. Ufaulu nilikuwa nao. Ila nyumbani kwetu mimi ndiye wa kwanza kuvuka kidato cha nne, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kunitahadharisha kwamba majina hulinganishwa. Mara natafuta wakili wa kuandaa hati ya kiapo, mara nauli imekwisha, siku zikayoyoma, dirisha likafungwa. Mwaka ule nikalima mpunga na mama.

Tangu nimalize chuo, kila likizo ya Desemba nakaa na wanafunzi wa kidato cha tano na sita wa kijijini kwetu. Nikiwahesabu waliokwama mbele ya macho yangu, waliokwamishwa na matokeo ni wachache. Wengi wamekwamishwa na karatasi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kama uko kidato cha tano, likizo hii tandika mkekani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha taifa cha NIDA kama unacho, usome majina herufi kwa herufi. Yakipishana, shughulikia sasa. Kama cheti cha kuzaliwa huna kabisa, anzia ofisi ya mkuu wa wilaya, huko ndiko RITA, wakala wa serikali wa usajili, wanakoandikisha vizazi. Ukishakipata, Bodi ya Mikopo inataka kihakikiwe na RITA, na uhakiki nao una siku zake.

Aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Yatima ndiye anayestahili kushikwa mkono kabla ya wengine, na mara nyingi ndiye asiye na karatasi, kwa sababu baba alifia nyumbani, akazikwa kesho yake, na katika majonzi yale hakuna aliyekumbuka kwenda kuandikisha. Ukiwa katika hali hiyo, nenda kwa mtendaji wa kijiji mapema, ufuatane na mtu mzima wa ukoo aliyekuwepo msibani. Na kama kaya yenu imo TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, mwombe mama namba ya kaya uiandike pembeni, nayo ni kielelezo kwenye maombi ya mkopo.

Kwa nini nasisitiza mapema? Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, matokeo hutoka Julai, na katikati hapo wengi huitwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria. Ukiwa kambini huwezi kutoka kumtafuta mwenyekiti wa kijiji akupigie mhuri kwenye fomu. Acha bahasha yenye nakala zote kwa mtu mmoja nyumbani anayejua kusoma na anayepokea simu.

Simu nayo ina habari yake. Ukidahiliwa na vyuo zaidi ya kimoja, lazima uthibitishe kimoja, na namba ya siri ya kuthibitishia huja kwa ujumbe. Nimemwona binti aliyejaziwa fomu kwa namba ya kijana wa steshenari. Kijana akahamia mjini, ujumbe ukaenda naye. Weka namba yako, au ya mama. Nywila iandike kwenye daftari lako mwenyewe, hata kama anayekujazia ni mtu mwema.

Kuhusu kozi, soma mwongozo wa udahili wa TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, uko kwenye tovuti yao. Kwa kozi nyingi kiwango cha chini ni alama 4.0 katika masomo mawili ya tahasusi yako, A ikiwa 5 na E ikiwa 1. Hicho ni kiwango cha kuomba, si cha kupata. Usijaze udaktari mara tatu katika vyuo vitatu. Weka na kozi moja unayoipenda ambayo ushindani wake ni mdogo.

Kazi ngumu kuliko zote huwa ni wazazi. Neno mkopo kijijini linatisha, na lina haki ya kutisha, maana watu wameuza mashamba kwa ajili ya mikopo. Mimi huwa nakaa na mzee barazani, namweleza taratibu kwamba hakuna shamba linalowekwa rehani, kwamba mwanawe akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Nampa nafasi aulize. Mzee aliyeelewa ndiye atakayeuza gunia la mpunga bila kinyongo.

Na gunia hilo linahitajika. Posho ya chakula na malazi kwenye mkopo ni shilingi 10,000 kwa siku, lakini haikusubiri getini siku unayoripoti. Wiki zangu za kwanza chuoni nilikula mlo mmoja, na sikumwambia mtu. Tengeni nauli na hela ya kula ya mwezi mzima baada ya mavuno, muiweke kando na ada.

Desemba hii nitakuwa nyumbani kuanzia tarehe 20. Njoo na vyeti halisi, usilete picha za kwenye simu, na kama mama anaweza kuja, mje wote.