Taa ya injini ikiwaka, usikimbilie kununua spea

Naendesha gari kati ya Arua na Kampala, hapa Uganda, karibu kila wiki. Miaka miwili ya kwanza, ile taa ya njano yenye umbo la injini ilikuwa ikiwaka tu, moyo unanidunda, namkimbilia makanika wa kwanza ninayemwona na kununua chochote atakachokitaja. Fedha nyingi zilipotea hivyo, na nawaona wenzangu barabarani wakizipoteza vilevile hadi leo.

Siku moja iliwaka nikiwa nimepita Nebbi. Gari lilikuwa linakimbia vizuri, ila nikisimama injini inapanda na kushuka yenyewe. Nilipofika Kampala makanika alichomeka skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, chini ya usukani, ikatoa msimbo P0171. "Mzee, sensa ya oksijeni imekufa," akasema, boneti hata haijafunguliwa. Nikaenda soko la spea la Kisekka, nikalipa shilingi 150,000, sensa ikafungwa, taa ikafutwa. Siku ya tatu ikarudi. Msimbo uleule.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza ile misimbo inasema nini hasa. Herufi ya kwanza inataja upande wa gari: P ni injini na gia, C ni breki na miguu ya gari, B ni bodi, U ni mawasiliano kati ya kompyuta za gari. Sifuri inayofuata maana yake msimbo huo ni wa magari yote, haukutungwa na kiwanda kimoja. Katika P0171, ile 1 inayofuata sifuri inaelekeza kwenye hewa na mafuta, na 71 ndiyo tatizo lenyewe: mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo. Basi. Hakuna mahali palipoandikwa "sensa imekufa".

Sensa ya oksijeni hukaa kwenye eksozi na kupima oksijeni iliyobaki baada ya petroli kuungua. Ikiona imezidi, inaiambia kompyuta, kompyuta inaongeza petroli. Ikiongeza mpaka kikomo na bado hewa imezidi, inawasha taa. Kwa hiyo sensa yangu ilikuwa inasema kweli. Kuibadilisha kulikuwa sawa na kumfunga shahidi na kumwacha mwizi.

Mwizi alikamatwa na kijana mmoja wa gereji hapa Arua. Hakuharakisha. Aliacha injini inaunguruma, akasoma kwenye skana ni asilimia ngapi za petroli kompyuta inaongeza: zaidi ya 20 gari likiwa limesimama. Alipokanyaga mafuta kidogo, namba ikashuka. Akaniambia hiyo ni dalili kwamba hewa inaingia kwa njia ya panya, kwa sababu tundu dogo huisumbua sana injini ikiwa inavuta hewa kidogo, na ikivuta nyingi tundu hilo halionekani tena. Kisha akaushika ule mpira mweusi wenye mikunjo unaotoka kwenye kichujio cha hewa, akaukunjua kwa vidole. Ndani ya mkunjo wa tatu palikuwa na ufa mrefu kama ukucha. Ukiutazama kwa juu huuoni kabisa. Akaubana kwa kidole gumba, na injini ikatulia palepale. Akaachia, ikaanza kuyumba. Alinionyesha mara tatu. Mpira uliotumika ulinigharimu sehemu ndogo tu ya bei ya ile sensa.

Ndiyo maana nawaomba madereva wenzangu: makanika akikutajia spea, muulize kwa upole, "Ndugu yangu, umeipimaje?" Anayejua kazi hachukii swali hilo. Na kabla hajafuta chochote, piga picha kioo cha skana. Pamoja na msimbo, kompyuta huhifadhi hali ya gari wakati tatizo lilipotokea: mwendo, joto la injini, mizunguko. Ukifuta, ushahidi wote huo unakwenda.

Taa ikiwaka na kutulia, na gari linakwenda kama kawaida, kwa kawaida unaweza kuendelea na safari ukalipima karibuni. Ikiwa inapepesa, hilo ni jambo jingine. Lilinipata karibu na Karuma, jioni, mvua inanyesha: gari linatetemeka, nguvu hakuna, taa inawaka na kuzima. Maana yake silinda haichomi, na petroli mbichi inatiririka kwenye eksozi na kuungulia ndani ya katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye eksozi, ambayo inaweza kuyeyuka kwa joto hilo. Nilipunguza mwendo, nikaegesha, nikazima.

Wakati huo nilikuwa tayari na kisomaji changu cha bluetooth, kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachosomeka kwenye simu. P0302: silinda ya pili. Injini ilipopoa nilihamisha koili (inayoipa plagi umeme wa cheche) ya silinda ya pili kwenda ya tatu, na ya tatu kwenda ya pili, nikafuta msimbo, nikawasha kidogo. Ikaja P0303. Tatizo limehama na koili, basi koili ndiyo mbovu. Lingebaki kwenye silinda ya pili ningetazama plagi, kisha injekta inayonyunyiza petroli. Nililala Karuma, koili moja ikaja asubuhi na basi kutoka Kampala.

(Taa nyekundu ya oili au ya joto usiichanganye na hii. Hiyo ikiwaka unasimama hapohapo.)

Visomaji hivi vidogo havisomi kila gari. Marekani ililazimisha mfumo huu wa misimbo kwa magari ya 1996 na kuendelea, Ulaya ikafuata kwa ya petroli 2001, lakini magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe, ambayo ndiyo yamejaa huku kwetu, yana tundu lilelile la pini 16 ila yanaongea lugha nyingine. Kijaribu kidude kwenye gari lako kabla hujalipa.

Ukikutana na P0420, inayosema katalisti haisafishi moshi ipasavyo, chuchumaa kwanza utazame chini ya gari. Kuna watu huikata na kuiuza kwa sababu ya madini yaliyomo, platinamu na paladiamu, wakachomelea bomba tupu.

Mwezi uliopita shemeji yangu alitaka kununua gari, akaniomba nimsindikize. Nilimwomba muuzaji afungue swichi bila kuwasha injini. Taa zote zikawaka: oili, betri, mifuko ya hewa. Ya injini haikuwaka. Gari lisilo na hitilafu huiwasha taa hiyo kwa muda huo na kuizima injini inapoanza. Nikachomeka kisomaji: misimbo hakuna, lakini karibu vipimo vyote ambavyo gari hujifanyia lenyewe vilikuwa havijakamilika, kumaanisha kumbukumbu ilifutwa karibuni. Shemeji akanitazama. Tukamshukuru yule bwana, tukapanda boda tukarudi nyumbani.