Pasipoti ukiwa Sengerema: lazima ufike Mwanza?

Lazima ufike, dada. Pasipoti haimaliziki yote kwenye simu. Fomu unajaza mtandaoni, mfumo unakupa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa 20,000 ya fomu kwa simu hukohuko Sengerema. Ila alama za vidole haziendi kwa mtandao, unaenda mwenyewe Uhamiaji mkoa. Afadhali siku hizi daraja la Kigongo–Busisi lipo, kivuko hakikucheleweshi tena. Nimewajazia ndugu zangu kadhaa. Beba vyeti halisi vya kuzaliwa, chako na cha mzazi, pamoja na kitambulisho cha NIDA. Kagua majina yafanane herufi kwa herufi kabla hujalipa, tafadhali, inauma mtu kurudishwa dirishani kwa herufi moja. Jumla ni 150,000, hiyo 20,000 ikiwemo.