Kwa nini funksheni isiyo na jina hudai mabano katika Haskell

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo wa lugha ya Haskell, inaukataa mstari wako, map \x -> x + 50 bei, ilhali ulitaka tu map, ambayo huitumia funksheni kwa kila kipengele cha orodha, iongeze shilingi 50 kwenye kila bei ya viungo katika duka lenu la Marikiti.

Alama ya \ ndiyo inayoanzisha funksheni isiyo na jina, nayo imechaguliwa kwa kuwa yafanana na herufi ya Kigiriki lambda, ambayo mwanahisabati Alonzo Church aliitumia katika miaka ya 1930. Baada yake huja kigezo (hapa x), kisha mshale, kisha kiwiliwili cha funksheni, yaani hesabu inayofanywa. Sarufi ya kawaida ya Haskell haikubali funksheni ya namna hii ipewe funksheni nyingine bila mabano, na hapa ndipo penye kisa: kiwiliwili hicho hakina alama ya kukifunga, bali huendelea kuelekea kulia kadiri kinavyoweza, hata neno bei, ulilokusudia liwe orodha ya kupewa map, likahesabiwa kuwa sehemu yake. Andika map (\x -> x + 50) bei, na orodha ya [120, 200, 350] itakupa [170, 250, 400].

Binafsi ningefupisha na kuandika map (+ 50) bei, kwani x haina kazi kubwa pale. Ila siku ya kupunguza bei usijaribu (- 50), ambayo Haskell huisoma kuwa ni namba hasi. Tumia (subtract 50), au urudi kwenye \x -> x - 50 ndani ya mabano yake.